Kibao Alichokisoma Kassian

Mama Luciana alikuwa amelikalia benchi la kituo kwa siku nyingi kiasi kwamba askari wageni walimsalimia wakidhani ni mfanyakazi mwenzao. Kila asubuhi anafika na hotpoti ya wali, kila jioni anaondoka na hotpoti tupu, na katikati hapo hazungumzi na mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza kumshika Koplo Aneth mkono.

"Mwanangu, kesho wanampeleka?"

"Shikamoo mama. Kesho asubuhi, mahakamani."

"Marahaba. Na akishafika huko?"

Aneth angependa kuwa na jibu jingine. "Kesi ya mauaji haina dhamana, mama. Akishasomewa shtaka anakwenda mahabusu. Atakaa huko mpaka upelelezi ukamilike."

"Utakamilika lini?"

Aneth akakohoa. Wapo watu walioingia mahabusu hawana ndevu wakatoka na mvi, na kwa jinsi Mama Luciana alivyomtazama, alikuwa anawajua kwa majina.

"Osward wangu hawezi kuua hata kuku," mama alisema. "Pasaka ikifika nachinja mimi, yeye anazunguka nyuma ya nyumba."

Jambo hilo Aneth hakuliandika, maana mahakama haipokei ushahidi wa kuku. Lakini lilimfuata mpaka ofisini.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomkosesha raha. Alfajiri moja ya mvua, Kassian, mkulima wa kijiji cha Mbingu, alipanda bodaboda ya kijana Obadia kuja Ifakara. Alikuwa anawahi baraza la ardhi, kutoa ushahidi wa mpaka wa mashamba. Kabla ya daraja dogo wakakuta kibao cheupe kimesimikwa barabarani, maandishi mekundu:

HATARI
DARAJA BOVU
PITIA NJIA YA
YA CHINI

Obadia mvua ilikuwa imemjaa machoni. Mzee Kassian, aliyekaa nyuma yake, ndiye aliyekisoma kwa sauti, akamgonga begani, wakashika njia ya chini, ile inayopita kati ya majaruba ya mpunga. Siku zile mto ulikuwa umekula ukingo, wakatumbukia. Obadia alinasa kwenye matete akapona. Kassian walimkuta kesho yake, mbali.

Na lile daraja bovu? Lilikuwa zima kuliko barabara yenyewe. Lori la mpunga lilipita juu yake asubuhi hiyohiyo. Kibao nacho kilikuwa kimeyeyuka; watu walipofika hawakukikuta, mpaka polisi walipokuja kukiopoa kwenye mtaro wa shamba, kimelazwa kifudifudi chini ya matete. Mwingine aliyekuwa amekiona barabarani ni Brigita, muuza ndizi, aliyekisoma akageuza baiskeli akarudi kulala. Ndizi zake ziliiva kupita kiasi, yeye akabaki hai.

Anayechora vibao kwa rangi nyekundu ni nani? Osward wa Lipangalala. Na Osward alikuwa na sababu. Alipeleka posa kwa Teddy, binti wa Kassian, na Kassian akairudisha mbele ya watu, akasema hatoi mtoto kwa mpaka rangi vibanda. Osward akajibu kwa hasira kwamba mzee atajuta. Ni maneno ambayo kila mkwe aliyekataliwa huyasema, ila wengi wao wakwe zao hawafi wiki inayofuata.

Aneth alipita kwanza mahabusu ya kituo. Osward alikuja mpaka kwenye nondo, vidole vyake bado vina rangi kwenye kucha.

"Ile rangi," Aneth alisema. "Nieleze tena."

"Afande, rangi ile iko mji mzima. Hata kwa Mzee Maximilian kule Mbingu nilibakiza kopo, nilipomchorea bango la mashine yake ya kukoboa. Nilimwambia inspekta."

"Na alfajiri ile ulikuwa wapi?"

"Nimelala kibandani. Peke yangu." Akajaribu kutabasamu. "Ningejua nitahitaji shahidi, ningekoroma kwa sauti."

Inspekta Hermenegildi alikuwa anamsubiri mezani. Mtu mnene, mpole, mwimba besi wa kwaya ya parokia, na asiyependa kesi ikae mezani kwake mpaka ipate vumbi.

"Hilo kopo la Mbingu limenichosha," alisema kabla hajaulizwa. "Kila nyumba ina kopo la rangi. Unachohitaji leo ni maelezo safi ya Maximilian. Mtu mzima, ana heshima zake, kaja mwenyewe bila kuitwa."

"Afande, Kassian alikuwa anakuja kutoa ushahidi dhidi ya huyohuyo Maximilian. Mpaka wa majaruba."

"Ndiyo maana ushahidi wake una uzito. Amesahau ugomvi, amekuja kumtetea marehemu. Andika, asaini, tumalize."

Maximilian aliingia na shati la Jumapili, ingawa siku ilikuwa Jumatano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Tufanye haraka, eh? Mashine nimewaachia vijana, na vijana wa sasa ukiwaachia mashine yenye umeme wanachaji simu."

"Hatutakuchelewesha. Nisimulie tena ile asubuhi. Taratibu, naandika."

Alisimulia vizuri, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa kwenye pikipiki yake, anatoka Mbingu kuja mjini kufuata belti ya mashine. Mvua kubwa. Alipokaribia daraja akaona kibao, na kijana mwenye koti jekundu ameinama anakikandamizia mawe. Akamtambua. Osward.

"Ulisimama?"

"Nisimame kwenye mvua ile? Sikusimama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikikwepa kibao nikapita darajani, maana daraja lile nalijua, halina tatizo."

"Ulisema na huyo kijana?"

"Sikusema naye, wala sikugeuka nyuma."

"Na kibao, baada ya hapo ulikiona tena?"

"Wapi tena? Mchana narudi, hakipo. Nikasikia mmekiokota nyinyi."

"Hapa kituoni hujaonyeshwa."

"Sijaonyeshwa. Si mmekifungia?"

Aneth akaandika yote, jibu kwa jibu. "Kiliandikwaje?"

"Hatari. Daraja bovu. Pitia njia ya chini." Maximilian akachekea puani. "Na hapo ndipo utajua ni kazi ya yule kijana. Kazi zake zote za kulipua. Kaandika 'ya', kashuka mstari, kaandika 'ya' tena. Mtu makini hawezi kufanya kitu kama kile."

Kalamu ya Aneth ikasimama. "Ya mara mbili?"

"Mara mbili, mwanangu. Ndiyo hao mafundi wetu."

Aneth akainamia karatasi ili uso wake usionekane. Kibao kile alikuwa anakijua kwa moyo. Alikipima, alikipiga picha, alinakili maneno yake kwa mkono wake kwenye jalada. Hakikuwa na "ya" mbili. Mzee keshaanza kutia chumvi, na shahidi anayetia chumvi kwenye dogo, wakili atamkaanga kwenye kubwa.

"Naomba unisubiri niyaandike kwa usafi, kisha usome na kusaini," alisema. "Ng'ambo ya barabara kuna mama ntilie ana supu nzuri."

Maximilian hakuhitaji kubembelezwa kwa ajili ya supu.

Stoo ya vielelezo ilinuka magunia na mafuta ya taa. Aneth alikitoa kibao kwenye kiroba, akakiegemeza ukutani chini ya taa. Akasoma. Kiko sawa. Akasoma tena, polepole. Kiko sawa. Mzee kadanganya au kachanganya, basi. Akaanza kukirudisha kwenye kiroba, kisha akajionea aibu: mtu anapeleka jambo mahakamani kwa kutazama mara mbili? Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama mtoto wa darasa la kwanza, akakisogeza. Hatari. Daraja. Bovu. Pitia. Njia. Ya. Kidole kikashuka mstari wa chini.

Ya.

Akakaa juu ya gunia. (Na msomaji aliyekipita hapo juu bila kushtuka asimcheke koplo, wako wengi.) Alikimbia kwenda kufungua jalada. Maelezo ya kielelezo, mwandiko wake mwenyewe: *pitia njia ya chini*. "Ya" moja. Alinakili kitu ambacho hakikuwapo, akakigonga muhuri.

"Afande, naomba uje stoo," alimwambia inspekta. "Nisomee hiki."

"Nimekisoma mara mia."

"Nisomee ya mia na moja."

Inspekta Hermenegildi akasoma kwa sauti yake ya besi, kibao kikapendeza kama somo la Misa. "Hatari, daraja bovu, pitia njia ya chini."

"Tena."

Akasoma tena, vilevile.

Aneth akafunika mistari yote kwa viganja, akaacha mwisho wa mstari wa tatu na mwanzo wa mstari wa nne. Inspekta akatazama. Akavua kofia. Akatazama bila kofia.

"Hii imeongezwa lini?"

"Haikuongezwa. Ilikuwapo siku zote. Maximilian ndiye aliyeniambia."

"Maximilian hajaingia humu."

"Hajaingia."

Mvua ilianza kugonga bati. Aneth alisema kwa sauti ya chini, maana mlango ulikuwa wazi. "Afande, ile karatasi ya wimbo wa matoleo mnayoimbia, mstari wa pili kuna neno limerukwa. Tangu ilipopigwa chapa."

"Halijarukwa. Naliimba kila Jumapili."

"Unaliimba, ila halipo. Kaangalie. Kwaya nzima inaimba neno ambalo halipo, na hakuna aliyegundua, kwa sababu mnajua linalokuja. Macho yanaonja tu, kichwa ndicho kinachomalizia. Na neno kama 'ya' ndilo la kupitwa kabisa, tunalipita kama jirani anayekaa barazani kila siku. Liwe moja, yawe mawili, sisi tumeshafika 'chini'. Kassian hakuona. Brigita hakuona. Mimi nimelala na kibao hiki ofisi moja, sikuona. Yeye kaona akiwa kwenye pikipiki, mvua usoni, anakwepa kibao huku anatambua koti la mtu."

"Labda ana macho makali. Wapo watu wa hivyo. Mwalimu wangu wa darasa la saba angekiona akiwa kwenye ndege."

"Inawezekana. Ndilo nataka kulijua kabla hajasaini."

Akamweleza. Maelezo atayaandika kwa mkono, na mahali patatu, mwisho wa mstari na mwanzo wa unaofuata, neno dogo litarudiwa. Maana haibadiliki hata chembe. Maximilian atasoma mwenyewe, kwa nafasi yake. Akiyaona, atakata kwa kalamu na kutia sahihi pembeni kama utaratibu unavyotaka, na koplo atamwomba radhi kwa mwandiko wa haraka.

"Na akiyaona," inspekta alisema, "ni shahidi mwenye macho makali, na kesho Osward anapanda gari."

"Kesho Osward anapanda gari."

Inspekta akavaa kofia. Hakusema ndiyo, lakini alikaa kwenye kona ya chumba cha mahojiano kabla mzee hajarudi.

Maximilian alirudi na jasho la pilipili puani. Aneth akamsogezea kiti karibu na dirisha, penye mwanga. Nje barazani, Mama Luciana alikuwa palepale kwenye benchi, hotpoti magotini.

"Soma taratibu, mzee. Ukiona kosa lolote, sema. Miwani unayo?"

"Sijafika huko bado."

Akasoma. Alisoma kwa makini kweli, midomo ikichezacheza. Kipande cha kwanza cha mtego kilikuwa juu kabisa: *kibao kilichosimikwa katikati ya*, na chini yake, *ya barabara*. Aneth alitazama macho ya mzee yakifika ukingoni. Yakageuka. Yakaendelea.

Kidole kikasimama. "Hapa umekosea."

Inspekta akatazama dari.

"Wapi, mzee?"

"Umeandika nilikuja kufuata belti ya pikipiki. Ni ya mashine ya kukoboa. Pikipiki yangu haina tatizo."

Aneth akakata, akaandika, akampa atie sahihi pembeni. Mzee akaendelea. Akapita neno la pili la mtego. Alipofika la tatu akainua karatasi kuelekea dirishani, akaishikilia hapo muda, hata Aneth akaanza kupanga maneno ya kumwomba radhi.

"Mwandiko wako mzuri," Maximilian alisema. "Ungekuwa mwalimu."

Akafika chini, pale palipoandikwa *nimesoma maelezo yangu, nimeona ni sahihi*, akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Aneth akaivuta karatasi, akaisubiri ikauke. "Naomba unisomee mstari huu kwa sauti."

"Nikaona kibao kilichosimikwa katikati ya barabara."

"Tena."

"Binti, umenirudisha shule?"

Akaweka ncha ya kalamu chini ya neno. "Neno kwa neno, mzee. Usiruke."

"Katikati… ya…" Kalamu ikashuka mstari. Maximilian akainama karibu na karatasi.

"Yako matatu ya namna hiyo," Aneth alisema. "Umesoma ukiwa umekaa, kwenye mwanga, tumbo limeshiba. Umeona belti, kwa sababu belti ina maana. Haya hukuyaona. Sikulaumu, na mimi nisingeyaona."

"Umechezea maelezo yangu."

"Yamebaki yaleyale uliyosema. Sasa niambie. Barabarani, kwenye mvua, uliyaonaje?"

Maximilian akamtazama inspekta, kama mtu mzima anayetafuta mtu mzima mwenzake. Inspekta alikuwa anatazama sahihi yenye mkia.

"Basi nilisimama. Kidogo tu."

"Umesaini kwamba hukusimama hata kidogo."

"Binadamu anasahau."

"Sawa. Ulisimama ukakisoma, Osward yuko hapo miguuni pako na mawe. Mkasalimiana?"

"Sikum… hapana."

"Ulijua daraja ni zima. Ulijua Kassian anapita hapo kuwahi barazani. Ulijua mto umekula ukingo?"

"Kila mtu wa Mbingu alijua njia ya chini mbaya siku zile."

"Kassian alikuwa mtu wa Mbingu. Aliamini kibao. Hukumpigia simu."

Mvua juu ya bati ikazidi, Aneth ikabidi ainame mezani.

"Au hukukisoma barabarani," alisema.

"Labda nilikiona pale mtaroni," Maximilian alisema haraka. "Nikipita. Ndiyo, ni pale mtaroni."

Lilikuwa jibu baya kuliko yote, na alilijua mara tu lilipomtoka. Aneth hakupandisha sauti. "Mtaroni kilikuwa kifudifudi, mzee. Chini ya matete. Aliyeuona uso wake pale ni yule aliyekilaza."

Inspekta Hermenegildi akainuka, kiti kikalia. Alifungua mlango akaita askari wawili. "Mbingu. Kwenye mashine ya huyu mzee. Tafuteni kopo la rangi nyekundu." Akasita, kisha akaongeza bila kumtazama koplo, "Lile lililonichosha."

Walirudi jioni, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Kopo lilikuwa nyuma ya viroba vya pumba, na brashi imekaukia ndani. Chini yake kulikuwa na kipande cha ubao kilichokatwa kwa msumeno. Aneth alikiweka kando ya kibao sakafuni. Meno ya msumeno yakaingiana kama vidole vya mikono miwili.

Maximilian alitazama mbao zile mbili kwa muda. Alipozungumza ilikuwa kama anamlalamikia mtu ambaye hakuwa chumbani.

"Nilikisoma kabla sijatoka nyumbani. Taa ilikuwa inawaka. Kilikuwa sawa kabisa." Akapangusa pua. "Nilipokwenda kukitoa, nimekibeba mkononi, ndipo nikaona. Kilinikera njia nzima."

"Ukaona bora kosa liwe la Osward."

Askari wakamsimamisha, akatoka akipita mbele ya benchi, na Mama Luciana, ambaye alikuwa hajaambiwa kitu bado, akamwamkia kwa heshima kama mtu yeyote wa umri wake.

Osward alitolewa taa zikiwa zimewashwa. Alisimama mlangoni akikunjakunja vidole, mama yake amemshika mkono wa shati kana kwamba ni mtoto anayevuka barabara. Kibao kilikuwa bado kimeegemea ukutani. Aneth akashindwa kujizuia.

"Wewe ndiye fundi. Kitazame vizuri, uniambie kina kosa gani."

Osward akachuchumaa mbele ya ubao uliotaka kumla. Akakitazama juu mpaka chini, kichwa upande, kwa dharau ya kazi.

"Herufi zimelala. Nafasi hazikupimwa. Hii H ni kama kiti kilichokatika mguu." Akasimama. "Lakini maneno yako sawa, afande. Maneno hayana shida."

Inspekta akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Aneth alitaka kucheka naye, lakini aliikumbuka ile sauti ambayo Obadia alimsimulia, ya Mzee Kassian nyuma ya pikipiki, akisoma bila kukwama kwenye mvua. Akakifunika kibao kwa kiroba.

"Nenda nyumbani, Osward," alisema.

Mama Luciana alichukua hotpoti yake kwenye benchi. Ilikuwa bado nzito. Wali wa leo ulikuwa haujaguswa.

"Tutakula tukifika," alimwambia mwanaye, na wakatoka.